Giaboksi otomatiki: Usipoziba ufa wa gari kuukuu, utajenga ukuta

NI saa kumi na mbili unusu asubuhi. Dereva wa teksi jijini Nairobi anawasha gari lake, anavuta mkono wa gia kutoka herufi P hadi D, kisha anasubiri. Injini inanguruma lakini gari halisongi. Baada ya sekunde tatu hivi linashtuka kana kwamba limepigwa teke kutoka nyuma, ndipo linapoanza kuondoka. Dereva amelizoea tatizo hilo kwa muda wa miezi miwili na hulichukulia kuwa baridi ya asubuhi tu.

Kisa cha aina hii si kigeni kwa wamiliki wengi wa magari yaliyotumika. Aghalabu humalizika kwa namna moja: siku moja injini hunguruma na gari halisongi kabisa, si mbele wala nyuma. Hapo ndipo mwenye gari hugundua kuwa kilichokufa ni mojawapo ya viungo ghali zaidi katika gari zima. Gari alilolinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo hulala gerejini, ilhali marejesho ya mkopo hayalali.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mengi ya magari yanayoletwa hutoka Japani, na mengi ya hayo huwa na gia otomatiki. Baada ya kushushwa katika bandari ya Mombasa, gari huendeshwa kwa miaka mingine kumi au zaidi, likipita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Mara nyingi kila mmoja humrithisha mwenzake gari pamoja na mafuta yale yale ya giaboksi ambayo hayajawahi kubadilishwa.

Hata hivyo, giaboksi otomatiki ni nadra kufa ghafla. Hufa polepole, huku ikitoa ishara. Mwenye gari anayejua inavyofanya kazi anaweza kuiongezea miaka mingi kwa gharama ndogo.

Mafuta ndiyo mfanyakazi

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi ili kuitenganisha injini na magurudumu. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na mafuta. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kiitwacho konvata. Ndani yake mna mapanga yanayotazamana, mithili ya feni mbili zilizoelekezwa uso kwa uso: ukiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili. Tofauti ni kwamba ndani ya konvata kinachovuma si upepo bali ni mafuta.

Isitoshe, ndani ya giaboksi mna pampu inayozungushwa na injini. Pampu hiyo husukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye valvu ndogondogo, nazo valvu huyaelekeza kwenye vifurushi vya sahani za klachi. Shinikizo la mafuta ndilo linalozibana sahani hizo zishikane, na kila mshikano huleta gia tofauti. Sahani zenyewe zimebandikwa utando mwembamba unaokwaruza, ambao unene wake haufiki hata milimita chache.

Kwa hivyo, mafuta hayo hufanya kazi nne kwa wakati mmoja: husafirisha nguvu, hubana klachi, hulainisha vyuma na huondoa joto. Yakipungua, yakichakaa au yakiwa ya aina isiyofaa, sahani huteleza badala ya kushikana. Mtelezo huzua joto, joto huunguza utando, na vumbi la utando huo huziba valvu. Bandu bandu huisha gogo.

Aina nyingine ya otomatiki, ambayo imeenea sana nchini, haina gia za kawaida. Hutumia mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili zinazopanuka na kusinyaa. Toyota Premio na Allion zilizoundwa kuanzia mwaka wa 2007 zina mfumo huu, na vivyo hivyo magari mengi ya Nissan na Honda. Mkanda huo ukiteleza hata kidogo tu, huzikwaruza kapi na mara nyingi uharibifu huo hautengenezeki. Ndiyo maana magari ya aina hii hayasamehe makosa ya mafuta.

Rangi si kitambulisho

Kosa kubwa zaidi hutokea dukani. Mwenye gari huenda na kuomba "mafuta ya otomatiki", naye muuzaji humpa mkebe wowote wenye mafuta mekundu. Ukweli ni kwamba kila kampuni ina vipimo vyake. Magari ya zamani ya Toyota yenye gia nne yaliundiwa mafuta ya aina ya T-IV, ilhali mengi ya baadaye hutumia WS, ambayo ni mepesi zaidi. Yote mawili ni mekundu, lakini moja si badala ya jingine. Nissan ina familia yake ya Matic kwa giaboksi za gia, na NS-2 au NS-3 kwa zile za mkanda.

Wala jina la gari pekee halitoshi. Toyota Probox ni mfano mzuri. Probox za otomatiki zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2014 zina gia nne, ilhali zilizofuata mabadiliko ya mwaka huo zina mkanda. Magari hayo mawili yanafanana kama shilingi kwa ya pili machoni pa mpita njia, lakini mafuta ya moja yataliangamiza jingine.

Njia salama ya kutambua aina sahihi ni kutazama maandishi kwenye kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ambapo mara nyingi jina la mafuta limechongwa. Kwa magari ya Toyota, kuna pia kibati cha chuma ndani ya chumba cha injini kinachoonyesha namba ya modeli na ya giaboksi. Kitabu cha gari, hata kikiwa kimeandikwa kwa Kijapani, huwa na majina ya mafuta kwa herufi za Kirumi. Fundi akishindwa kutaja jina la mafuta anayokusudia kutia, ni heri kumsimamisha kabla hajafungua kizibo.

Joto ndilo adui

Mafuta ya giaboksi hufanya kazi vyema yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu, umri wa mafuta hupungua upesi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi kumi hivi kupita kiwango cha kawaida, umri wa mafuta hupungua kwa nusu.

Hali za barabara za Kenya huzidisha joto hilo. Kuna msongamano wa asubuhi na jioni, ambapo gari hujikokota huku konvata ikiyasuka mafuta bila upepo wa kuyapoza. Kuna miinuko kama ule wa Mai Mahiu, ambao hupandwa na magari yaliyosheheni mizigo hadi juu ya paa. Kuna pia matope ya msimu wa masika, ambapo dereva hukwama na kuanza kuvuta gia mbele na nyuma kwa pupa huku magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Dakika kumi za kujikwamua kwa namna hiyo zinaweza kuyaunguza mafuta ambayo yangedumu mwaka mzima.

Katika magari mengi, mafuta ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye bomba lililomo ndani ya rejeta. Hii ina maana kwamba anayepuuza rejeta anapuuza giaboksi pia. Madereva wengi hujaza rejeta kwa maji ya mfereji, na katika maeneo ya Pwani hata kwa maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo huleta kutu. Kutu ikitoboa bomba la ndani, maji na mafuta hukutana. Mafuta hugeuka rangi na kuwa kama maziwa yaliyotiwa sharubati, na gundi inayoshikilia utando wa klachi huanza kubanduka. Gari la aina hiyo halifai kuendeshwa hata kilomita moja zaidi. Kutumia kipozeo maalumu cha rejeta na kukibadilisha kwa wakati ni kinga ya viungo viwili kwa bei ya kimoja.

Jinsi ya kupima

Upimaji wa mafuta ya giaboksi ni tofauti na wa mafuta ya injini. Katika magari mengi yenye kijiti, gari huegeshwa mahali tambarare likiwa limeshaendeshwa hadi likapata moto. Breki hukanyagwa, mkono wa gia hupitishwa kwenye kila herufi kwa sekunde chache, kisha hurejeshwa kwenye P. Injini huachwa ikiunguruma. Kijiti huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, hurudishwa na kuchomolewa tena. Mafuta yanapaswa kufika kati ya alama za moto.

Magari mengi ya Honda ni tofauti: injini huzimwa kwanza, na kijiti husomwa muda mfupi baadaye. Baadhi ya magari ya kisasa hayana kijiti kabisa, na kiwango hupimwa kupitia kizibo cha chini mafuta yakiwa katika joto maalumu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari.

Kijiti husema mengi zaidi ya kiwango. Mafuta mekundu yanayopenya mwanga ni mazima. Ya kahawia yamechoka. Meusi yenye harufu ya kitu kilichoungua yanaashiria kwamba sahani za klachi zimeanza kuteketea. Chembe zinazometameta ni vyuma vinavyosagana.

Ikumbukwe pia kuwa mafuta hayo hayachomwi kama petroli. Yakipungua, yanavuja mahali fulani. Matone mekundu chini ya gari asubuhi ni ishara kwamba sili au gasketi imechoka. Kuongeza mafuta kila wiki bila kutafuta mvujo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Vilevile, kujaza kupita kiasi ni hatari, kwa maana vyuma vinavyozunguka huyapiga mafuta hadi yakatoa povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Kubadilisha bila kuua

Baadhi ya magari huuzwa kwa madai kwamba mafuta ya giaboksi yatadumu maisha yote ya gari. Swali ni iwapo maisha hayo ni ya mnunuzi wa kwanza kule Japani au ya mnunuzi wa nne huku Afrika Mashariki. Kwa hali ya joto, vumbi na msongamano, mafundi wengi hupendekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000.

Ni muhimu kufahamu kwamba kufungua kizibo cha chini hakutoi mafuta yote. Mengi hubaki ndani ya konvata na mabomba. Chukua mfano wa giaboksi inayobeba lita saba, na ambayo hutoa lita tatu tu kizibo kinapofunguliwa. Baada ya kutia lita tatu mpya, mafuta makuukuu bado ni zaidi ya nusu. Kazi hiyo ikirudiwa baada ya kuliendesha gari kwa kilomita mia kadhaa, makuukuu hubaki takriban thuluthi moja. Ikifanywa mara ya tatu, hubaki chini ya humusi. Njia hii ya hatua kwa hatua ni ya polepole lakini ndiyo inayolifaa zaidi gari kuukuu.

Fundi anapaswa pia kulifungua karai la chini, kusafisha sumaku zinazonasa chembe za chuma, na kubadilisha chujio na gasketi. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoweza kushikwa kwa vidole si vya kawaida.

Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha mafuta katika giaboksi kuukuu huiua. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ila lawama huelekezwa kusiko. Aghalabu mwenye gari hukumbuka mafuta pale tu giaboksi inapoanza kuteleza. Wakati huo sahani zimeshalika, na kinachosaidia kuzishikanisha ni vumbi lililochanganyika na mafuta makuukuu. Mafuta mapya huliondoa vumbi hilo na kuuanika ugonjwa uliokuwapo. Tatizo ni kuchelewa. Kwa gari ambalo halijawahi kubadilishiwa mafuta, ni busara kuepuka mashine zinazosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, kwani zinaweza kuutimua uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu.

Mkono wa dereva

Mafuta mazuri hayawezi kumwokoa dereva mwenye pupa. Gari linapaswa kusimama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Linapoegeshwa mlimani, breki ya mkono ivutwe kwanza, ndipo mkono wa gia upelekwe P. La sivyo uzito wote wa gari hulalia kipande kidogo cha chuma kinachoifunga giaboksi, na huo ndio mlio wa "ka!" unaosikika wakati wa kuondoka.

Kuteremka mlima kwa herufi N ili kuokoa petroli ni kosa la hatari. Dereva hupoteza msaada wa injini katika kupunguza kasi, na breki hubeba mzigo wote hadi zikashika moto. Eneo la Salgaa katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret lilipata sifa mbaya kwa ajali zilizohusishwa na malori yaliyoteremka bila gia. Kwa giaboksi otomatiki, kuna hasara ya ziada: injini huzunguka polepole, pampu husukuma mafuta kidogo, ilhali vyuma vya ndani huzungushwa kwa kasi na magurudumu. Katika mteremko kama ule wa kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio kupitia Tambach, dereva anapaswa kuchagua gia ya 2 au L, au kuzima kitufe cha O/D.

Gari likiharibika, lisikokotwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa ardhini. Injini ikiwa imezimwa, pampu haifanyi kazi na giaboksi hukauka. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele liinuliwe upande wa mbele, na lile la magurudumu yote manne libebwe juu ya lori. Aidha, gari la otomatiki lililopita katika mafuriko hadi maji yakafika usawa wa injini lisiwashwe kabla ya mafuta ya giaboksi kukaguliwa.

Dalili ya mvua ni mawingu

Kuna ishara ambazo dereva hapaswi kuzizoea: kuchelewa kwa gari kuondoka baada ya kutia D au R, injini kupanda mlio bila mwendo kuongezeka, mtetemo kama wa gari linalopita juu ya matuta madogo, mshtuko wakati wa kubadilisha gia, na gari kukataa kutoka katika gia moja. Taa ya O/D OFF inapomemeteka yenyewe katika magari mengi ya zamani ya Toyota, kompyuta huwa imegundua hitilafu.

Hata hivyo, si kila mshtuko ni kifo cha giaboksi. Raba zinazoishikilia injini zikichakaa, gari hugonga kila linapotiwa gia. Betri dhaifu au nyaya zilizolika huivuruga kompyuta. Solenoidi moja iliyokwama inaweza kubadilishwa bila kuitoa giaboksi nzima. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kupima mafuta, ya pili ni kusoma kumbukumbu za hitilafu katika kompyuta, na ya mwisho kabisa ni kufungua. Fundi anayetangaza kifo kabla ya kuchomoa kijiti anastahili kuulizwa maswali.

Endapo hapana budi kununua giaboksi nyingine, wengi huelekea kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, kama vile wale wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Mnunuzi ahakikishe kwamba namba ya giaboksi inalingana na ya gari lake na apewe dhamana kwa maandishi. Muhimu zaidi, bomba la kupozea mafuta lisafishwe au libadilishwe kabla ya kufunga giaboksi hiyo. Chembe za chuma zilizoachwa humo na giaboksi iliyokufa huingia katika ile mpya siku ya kwanza, na mwenye gari hulipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Kwa anayenunua gari kuukuu, kinga huanza kabla ya kutoa pesa. Alione gari likiwashwa likiwa baridi, kwani muuzaji mjanja hulipasha moto mapema ili kuficha kuchelewa kwa gia. Achomoe kijiti na kunusa. Aliendeshe kwa nusu saa hivi, mlimani na katika msongamano, kisha alirudishe nyuma kwenye mwinuko. Giaboksi iliyochoka huweza kuvumilia dakika tano, lakini ni nadra kuvumilia nusu saa.

Dereva wa teksi anayesubiri sekunde tatu kila asubuhi bado ana nafasi. Huenda ni lita moja ya mafuta iliyopungua, sili iliyochoka, au chujio lililoziba, na siku moja gerejini ikatosha. Akingoja hadi sekunde tatu ziwe kumi, chaguo hilo litakuwa limempita.